Anza uvunguni: namna ya kukagua na kununua Land Rover ya mtindo wa kijeshi kwa barabara za Tanga

Kabla hujafungua boneti, lala chini. Chukua mkeka uliochakaa au kipande cha boksi, tochi kali, nyundo ndogo na bisibisi ya zamani, kisha ingia uvunguni mwa gari. Muuzaji atataka uanze na injini. Ataiwasha, atakanyaga mafuta, atakuambia usikilize inavyotulia. Mwache aendelee na shughuli yake, wewe ukaanze na yako.

Nalisema hili kwanza kwa sababu Land Rover 109 yangu ya kwanza niliinunua kwa masikio. Injini ilikuwa safi kweli, sikudanganywa hapo. Miezi minne baadaye, masika yamekolea, nilikuwa nimepakia saruji kutoka Muheza kwenda Amani. Kwenye zile kona za kupandia milima juu ya Sigi nikasikia mlio kama tawi kavu linalovunjika, na gari likainama upande mmoja. Pale springi ya nyuma inaposhikana na chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, chuma kilikuwa kimebaki ganda tu, na juu yake mtu alikuwa amepaka rangi nyeusi nzito. Fundi mzee wa Ngamiani aliyekuja kuniokoa hakunilaumu. Aligonga chuma kwa spana, akasikiliza, akasema: "Mwanangu, injini utaipata Kariakoo hata leo jioni. Huu mgongo utaununua wapi?"

Tangu siku hiyo nimekagua gari nyingi za ndugu na majirani, na utaratibu wangu ni huu hapa.

Kwanza, elewa gari lilifikiriwa vipi

Ukijua mhandisi alikuwa anakwepa nini, utajua pa kuangalia. Hili si somo la historia la kupitisha muda. Kila udhaifu nitakaoutaja una asili yake hapa.

Tanga inajua vita bila magari. Novemba 1914 majeshi ya Uingereza yaliteremka hapa kutoka baharini yakarudishwa nyuma, na vita iliyofuata Afrika Mashariki ilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, matope yakameza magari, wapagazi wakafa kwa maelfu. Jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, na mtaa huohuo wa Dar es Salaam ndiko tunakofuata spea leo. Kila nikienda pale nawakumbuka. Gari dogo la kijeshi lilibuniwa ili libebe ule mzigo waliokufa nao watu.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliomba gari jepesi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kubeba robo tani. Kampuni ya Bantam ilipewa siku 49 kutengeneza gari la kwanza, ikamwita mhandisi Karl Probst, na Septemba mwaka huo gari likafika kambini. Kazi ya kulitengeneza kwa wingi walipewa Willys na Ford, na hadi vita inaisha yalikuwa yametoka zaidi ya laki sita. Ndiyo Jeep. Ubora wake haukuwa nguvu, kwani injini ilikuwa ya lita 2.2 na nguvu za farasi 60 hivi. Ubora ulikuwa kwamba askari mwenye spana chache angeweza kulifungua porini na kulifunga tena, na kipande cha gari moja kiliingia gari lingine bila kuchongwa.

Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep kuukuu shambani kwake Anglesey, huko Wales. Mwaka 1947 alichora wazo la gari lake kwenye mchanga wa ufukweni. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, umbali kati ya ekseli zake ukiwa inchi 80, uleule wa Jeep. Uingereza wakati huo ilikuwa na mgao wa chuma, hivyo bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Mashine kubwa za kukandamiza chesesi hazikuwepo, hivyo wakachukua mabamba bapa manne na kuyachomelea yakawa boksi refu lenye uwazi ndani.

Shika maneno hayo mawili, bodi ya aluminiamu na chesesi ya boksi. Uimara wa gari hili umetoka humo, na kwetu pwani ugonjwa wake nao umetoka humohumo.

Jua ni ipi iliyo mbele yako

Namba zinazotajwa mtaani ni urefu wa inchi, kwa kukadiria, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. 88 na 109 ni zile za kizazi cha Series: springi ni vyuma bapa vilivyopangwa, na magurudumu ya mbele yanavuta pale tu unapoyaita. 110 ilianza mwaka 1983, 90 ikafuata 1984, na hizi zina springi za koili na zinavuta kwa magurudumu yote muda wote. Jina Defender lilikuja 1990, na gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull Januari 2016.

Kuna pia zile zilizozaliwa jeshini kabisa. Waingereza walikuwa na 88 nyembamba ya mwaka 1968 ambayo mabati yake yanavuliwa ili helikopta iinyanyue. Hata baada ya kuvuliwa ilizidi kidogo uzito uliokusudiwa, bahati nzuri helikopta nazo zikaongezwa nguvu. Zile za redio zina umeme wa volti 24. Ukikuta gari la namna hiyo, hesabu betri na usome taa kabla hujanunua hata balbu moja, maana vifaa vya volti 12 vitaungua siku hiyohiyo.

Kwa mzigo wa shamba na familia mimi nashauri 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, au 200Tdi ya kabla yake. Series ni nzuri kwa mtu anayependa kushika spana kila Jumamosi. Land Cruiser za milango mizito ni gari bora na spea zake zipo kila kona, lakini bei yake ni jambo jingine kabisa.

Chesesi: hapa tumia saa nzima

Ukiishi Sahare au Raskazone, kando ya bahari hapa Tanga, unajua upepo wa kusi unavyofanya kwa mabati ya paa. Ndivyo unavyofanya kwa gari, ila kwa gari unafanya kwa siri. Chumvi na tope huingia ndani ya lile boksi kupitia vitundu vya kutolea maji, vitundu vinaziba, unyevu unakaa. Kutu inaanza ndani kuja nje. Siku unapoiona kwa macho, chuma kimekwisha zamani. Kwa hiyo macho hayatoshi, tumia nyundo.

Anzia nyuma. Ile boriti ya mwisho inayobeba ndoano ya kuvutia ndiyo huoza kwanza, hasa kwa juu ambako sakafu inaificha. Gonga kila inchi tano. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa na nyundo inatulia palepale. Ukisikia hiyo sauti, sukuma kwa bisibisi. Muuzaji wa kweli hatakataa. Akikataa, mshukuru, vaa viatu uende zako.

Toka hapo fuata reli zote mbili kwenda mbele. Simama kwenye kila mahali springi inaposhikwa, kwani pale uzito wote wa gari unapita kwenye eneo dogo kama kiganja. Gonga ile mikono inayotoka pembeni kubeba bodi na ukuta wa mbele. Tazama juu ya ekseli ya nyuma, reli inapopanda na kushuka, mahali ambapo matope ya tairi hujaa na hakuna anayeosha. Chukua waya uupitishe kwenye vitundu vya maji. Ukitoka na unga wa kahawia na vipande vyembamba, unazisoma habari za ndani.

Jihadhari na rangi nyeusi mbichi, ndiyo iliyoniponza mimi. Jihadhari pia na bamba lililochomelewa juu ya bamba. Kiraka si dhambi, gari la miaka thelathini lina haki ya viraka. Kiraka kizuri kimekatwa hadi kwenye chuma kizima na mshono wake umezunguka pande zote. Kibaya kimebandikwa juu ya uozo, na kinashikilia chuma ambacho hakipo.

Ukimaliza chesesi, inuka uangalie ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, hasa pembe za chini karibu na miguu ya dereva. Nyanyua zulia. Kisha milango: ngozi ni aluminiamu, fremu ya ndani ni chuma, na vikigusana penye maji ya chumvi hutokea umeme mdogo unaokula aluminiamu. Utauona kama unga mweupe na rangi iliyovimba malengelenge kwenye kingo. Hilo halitakuangusha njiani, ila ni hoja halali ya kupunguza bei.

Namba ya chesesi imegongwa kwenye chuma upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Futa kwa petroli, uisome, uilinganishe na kadi ya gari papo hapo.

Ekseli na magurudumu

Ekseli ni bomba zima toka gurudumu hadi gurudumu. Watu wa magari mapya huidharau, lakini kwa barabara zetu ina faida moja kubwa: tairi moja likipanda jiwe, tumbo la difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, linapanda nalo, kwa hiyo nafasi chini yake haipungui.

Mbele, nyuma ya kila tairi, kuna mpira wa chuma uliong'arishwa ambao gurudumu hugeukia juu yake. Pangusa uwe safi, upitishe kidole. Ukiwa na vishimo vya kutu, sili itavuja hata ukiweka mpya leo. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaashiria beringi au zile pini za kugeukia, wa pembeni unaashiria viungo vya stelingi.

Kwa nyuma, 110 nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina difu nzito ya Salisbury, na hiyo sina wasiwasi nayo. Kwenye Series ndogo, hafu shafti za nyuma, vyuma vya ndani ya ekseli vinavyozungusha magurudumu, ndizo hukatika, hasa dereva akiachia klachi kwa pupa gari likiwa limebanwa. Shika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, kwa mikono miwili uizungushe huku na huko. Krosi, yaani viungo vya ncha zake, zikipiga kelele, badilisha kabla ya safari, kwani propela ikidondoka mbele gari linaendelea kwenda huku ikichimba barabara.

Transfa, na onyo la hendibreki

Nyuma ya giaboksi kuna boksi la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma na kukupa gia nzito. Mafundi wetu huliita transfa. Kwenye Series kuna kitufe cha njano cha kuita magurudumu ya mbele, na mkono mwekundu wa gia nzito. Hakuna difu katikati, hivyo fowili, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, isitumike kwenye lami kavu. Magurudumu ya mbele yanakata kona kwa njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo ikikosa pa kutokea inajikunja ndani ya vyuma hadi kimoja kiachie.

Kwenye 110 kuna difu ya katikati na mkono mmoja tu. Ukiusukuma kushoto unafunga loki, yaani mbele na nyuma zinalazimika kuzunguka pamoja. Ijaribu kwenye mchanga au changarawe, na taa yake iwake. Kisha ifungue, tembea mita chache moja kwa moja, taa izimike. Isipofungua, au mkono ukiwa umeganda kabisa, huenda ulikaa miaka bila kuguswa. Mara nyingi ni viungo vya nje vilivyokwama na grisi inatosha, lakini usilipe bei ya gari zima kwa kudhani.

Sasa onyo, na tafadhali mfundishe kila anayeendesha gari lako. Hendibreki ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Maana yake ni kwamba ukipiga jeki na kuinua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu tairi hilo kuzunguka hewani, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki hali hendibreki imevutwa. Weka mawe au magogo kwenye matairi mengine, funga loki ya difu kama ipo, ndipo uinue. Na kamwe usivute hendibreki hiyo gari likiwa katika mwendo.

Injini

Hapa nitakwenda haraka. Fika asubuhi na mapema, uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaificha tabia yake ya baridi. Moshi mweusi kidogo wakati wa kukanyaga si tatizo, wa bluu usiokatika ni oili inayoungua, mweupe unaoendelea injini ikiwa imepata moto ni habari mbaya zaidi. Fungua rejeta ikiwa ya baridi tu: maji yasiwe na utando wa oili.

Hedi ya 200Tdi na 300Tdi ni aluminiamu na haisamehe joto. Kwenye 300Tdi tazama gasketi iliyo nyuma ya pampu ya maji, huvuja taratibu bila kelele, maji yanakwisha mlimani na hedi inapinda. Injini zote mbili zina mkanda wa taimingi. Ukinunua, badilisha mkanda wiki hiyohiyo, hata ukiambiwa ulibadilishwa mwezi uliopita. Zile za petroli za lita 2.25 zina mnyororo, hilo hutalihangaikia.

Jaribu mahali linapokwenda kufanya kazi

Kuzunguka Mkwakwani hakukupi jibu. Omba mchanga, omba na mlima.

Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi. Chukua gari la kilo 2,000, kila tairi linabeba kama kilo 500. Kwa upepo wa PSI 30 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi), tairi linagusa ardhi kwa eneo la kama sentimita za mraba 235. Ukishusha hadi 15, eneo linakaribia mara mbili. Gari ni lilelile, injini ni ileile, lakini sasa linaelea pale lilipokuwa linachimba. Mimi huishia 18, na hutembea polepole bila kukata kona kali ili tairi lisichomoke kwenye rimu. Beba pampu, kwani kurudi lami na upepo mdogo kunaunguza tairi.

Kwenye mlima, hesabu inafurahisha. Defender ya 300Tdi yenye giaboksi ya R380 ina gia ya kwanza ya 3.69, gia nzito ya transfa 3.32, na difu 3.54. Zidisha: injini inazunguka mara 43 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita tatu na nusu kwa saa, mwendo wa mzee mwenye bakora. Ndiyo maana ukishuka kutoka Amani na udongo mwekundu umelowa, unaweka gia nzito, ya kwanza au ya pili, unaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Usikanyage klachi, ukiikanyaga umeiachilia injini isikushike, na breki peke yake kwenye utelezi huo itafunga magurudumu. Wakati wa majaribio sikiliza kama gia inaruka kutoka yenyewe unapoteremka. Ikiruka, giaboksi inahitaji kufunguliwa.

Karatasi na rangi

Kadi, namba ya chesesi na namba ya injini zisome sawa, na uhamisho wa umiliki ukamilishwe TRA kabla hujamaliza kulipa. Kama gari liliwahi kuwa la jeshi au la serikali, dai karatasi za mnada. Usilipake mabaka. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na sioni sababu ya kujitafutia maswali kila kizuizi kwa ajili ya rangi. Kijani kilichokolea kinapendeza na hakimsumbui mtu.

Likishakuwa lako

Kila ukitoka ufukweni au njia ya Pangani wakati wa maji mengi, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Elekeza mpira ndani ya vitundu vya chesesi hadi maji yatoke safi, kisha liache juani likauke. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi. Wengi hutumia oili chafu ya injini. Mimi siitumii: inakula bushi za mpira, inadondokea ardhini, na ikikauka inashika mchanga.

Maji ya kuvuka yasipite nusu mita, hicho ndicho kipimo cha kiwanda kwa Defender. Ingia kwa miguu kwanza, upime kwa fimbo. Chini ya kikombe cha klachi, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna tundu dogo la nati. Kabla ya kuvuka maji marefu unafunga nati yake ili maji na tope visiingie kwenye klachi, na kwenye Tdi kuna tundu la namna hiyo pia chini ya kifuniko cha mkanda wa taimingi. Ukishavuka na kufika nyumbani, fungua zote mbili na uweke kikopo chini usiku kucha.

Asubuhi tazama kikopo. Kikavu, vizuri. Yakiwa maji, nati haikukaza. Kwenye tundu la klachi, oili nyeusi inatoka sili ya nyuma ya injini, na nyepesi yenye harufu kali inatoka giaboksi. Oili kwenye tundu la taimingi ina maana mkanda wako unaoga, na hapo gari halitoki tena hadi sili ibadilishwe.